Salama Salimini

Taasisi ya Gallup ya Marekani ina ada ya kuwauliza walimwengu iwapo hujihisi salama watembeapo usiku peke yao mahali wakaapo. Na mkulima wa viazi wa Busasamana, wilayani Rubavu, Rwanda, mpakani pa Kongo, ambako Juni 2014 majeshi ya nchi hizo mbili yalirushiana risasi, hana budi kujibu kwa yakini kwamba yu salama salimini, kwani peke yake hatembei: irondo, yaani doria ya wanakijiji, humsindikiza kwa tochi na maswali ya atokako na aendako. Usiku wa zamu yake huwasindikiza yeye wenziwe, nyumba yake akimwachia Mola. Mwizi pekee, maskini, ndiye apitaye bila msindikizaji.