Watu Kumi na Wanane, Mita Moja

Kama unataka kujua binadamu ana subira kiasi gani, njoo ulale nyumbani kwetu Tandale usiku wa tarehe 1. Umeme umekwisha, kila mtu anajua umekwisha, pesa ya luku kila mtu anayo, na hakuna anayenunua. Tumekaa gizani kwa hiari yetu, vyumba sita, kila mmoja akisikiliza kikohozi cha mwenzake na kupima nani atashindwa kwanza. Maana atakayenunua luku ya kwanza ya mwezi ndiye atakayekatwa kodi ya jengo.

Kwa wasomaji wa ushuani ambao luku zao hununuliwa na dereva, ngoja nieleze. Zamani kodi ya jengo ilikuwa shughuli ya mwenye jengo. Anapanga foleni, anagongewa muhuri, anarudi kwake ananung'unika. Agosti 2021 kodi hiyo ikahamia kwenye luku. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikapanda ikawa 1,500. Kwa ghorofa za mjini ni 7,500 kwa kila sakafu. Ukinunua umeme wa elfu mbili, inaondoka kwanza hiyo 1,500, halafu unatupiwa vyuniti vya kuchajia simu na kunyooshea kola ya shati. Jengo si langu. Bati si langu. Hata msumari niliopigilia ukutani nitundike kalenda nilifokewa wiki nzima. Lakini kodi ya jengo, hiyo nimemilikishwa.

Wakubwa walipoulizwa, wakasema mpangaji azungumze na mwenye nyumba, amkate kwenye pango. Aliyesema hivyo hajawahi kupanga uswazi. Huku hatuzungumzi na mwenye nyumba, huku tunamsalimia.

Basi mambo haya yanajadiliwa kila jioni kwenye kijiwe chetu cha kahawa, hapa Tandale kwa Mtogole. Kijiwe kina benchi moja, stuli mbili za kuazima na matofali kadhaa. Benchi ni la wazee na wenye pesa, matofali ni ya vijana na wenye madeni. Mimi nina umri wa benchi ila daftari la muuza kahawa limeniweka kwenye tofali. Ukiwa na kero ya tofauti za kipato, hapo ndipo pa kuitolea, huku mgongo unakuuma.

Mwenyekiti wetu ni mzee mmoja mstaafu wa reli. Yeye kila kitu anakianzia mbali. Ukimwambia bei ya sukari imepanda, anakujibu kwa Mjerumani.

"Vijana, hili halikuanza na luku," alisema juzi, akipuliza kikombe. "Mjerumani alipotunga kanuni zake za ujenzi hapa Dar es Salaam mwaka 1891, aliugawa mji kwa aina ya nyumba. Huku majumba ya Kizungu, kule makuti yenu. Muingereza akaja akaendeleza. Mnadhani Mnazi Mmoja iliachwa wazi mkapunge upepo? Iliachwa ili Uhindini ikae mbali na Kariakoo. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Hayo majina hamkuyabuni nyie."

"Sasa mzee wangu," akadakia kijana wa bodaboda, mpangaji mwenzangu wa chumba cha pili, "Mjerumani si alishaondoka? Mbona nikipeleka mzigo Masaki mlinzi ananiambia pikipiki niiache nje ya geti, niingie kwa miguu?"

"Mlinzi gani?"

"Huyu wa kwetu. Anayekaa nyuma ya msikiti."

Tukacheka, maana mlinzi huyo tunamjua, na hapa kijiweni huwa anakaa kwenye tofali kama sisi. Akivuka Barabara ya Kawawa tu, sauti inabadilika.

Dalali wetu, ambaye hukaa ncha ya benchi ili aone nani anapita na godoro, hapendi mazungumzo ya namna hii. Yeye anasema ni wivu. "Mkipata na nyie mtaweka geti," anasema. Huyu ndiye aliyenipatia chumba. Nilimlipa udalali wa mwezi mmoja kwa kazi ya kunionyesha mlango, halafu mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mbele. Mzee wa reli anasema enzi hizo kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na baraza la kwenda kumshitaki mwenye nyumba. Ni kweli, ilikuwepo. Ilifutwa mwaka 2005. Na kabla ya hapo, mwaka 1971, serikali ya Mwalimu ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi laki moja. Mzee akifika hapo macho humng'aa na dalali huaga kwamba ana mteja.

Lakini aliyenitibua nyongo wiki hii ni fundi umeme. Alikuja kunywa kahawa yake kimya kimya, akasikia tunalia na 1,500, akacheka.

"Mnalilia punje, gunia linavuja," alisema. "Nyumba yenu ina mita ngapi?"

"Moja."

"Watu?"

"Kumi na wanane, ukihesabu na watoto."

Akatikisa kichwa, akatuchorea mchangani kwa kijiti. Mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anauziwa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Akizidi 75 mara kwa mara, anahamishiwa kwa wateja wa kawaida, uniti shilingi 292, nazo kabla ya kodi na tozo. Nafuu ile iliwekwa kwa ajili ya wanyonge. Sasa, watu kumi na wanane wakigawana uniti 75, kila kichwa kinapata uniti nne na ushee kwa mwezi mzima. Taa, feni, redio na pasi, achilia mbali friji. Tunaivuka 75 kabla mwezi haujafika nusu. Kwa hiyo bwana mmoja aliyepanga peke yake Sinza, mwenye mita yake, taa mbili na televisheni, yeye ni mnyonge. Sisi kumi na wanane, kwenye mita, tunaonekana mtu mmoja tu. Tena mtu mmoja anayetumia umeme ovyo, kama ana bwawa la kuogelea uani.

Sikulala. Nimeishi Tandale miaka yote hii nikijiona fukara, kumbe kwenye vitabu vya umeme nimo kwenye fungu moja na watu wa Masaki. Na kwenye kodi ya jengo nako tuko sawa. Nyumba ya chini ya ushuani, yenye bustani, mbwa wawili na kibanda cha mlinzi kikubwa kuliko chumba changu, mradi haina ghorofa, nayo ni 1,500. Usawa umeshapatikana jamani, ila umepatikana kwenye kulipa tu.

Kero hii niliifikisha kijiweni kesho yake kwa sauti ya juu kidogo. Sikupata kumaliza. Ng'ambo ya njia yuko mama lishe anayetuazima zile stuli. Hakai kijiweni, kijiwe hakijawahi kumkaribisha, lakini anasikia kila kitu na hutuvumilia mpaka mchele uive.

"Nyie wanaume," alisema bila kuinua macho kwenye sufuria, "mnahesabu ya mita tu kwa sababu ndiyo mnayoitoa wenyewe. Ya maji mnaijua?"

Tukanyamaza. Akatuhesabia. Dumu la lita ishirini ananunua kwa jirani mwenye bomba, shilingi mia, siku ambayo maji yametoka. Yakikatika bei huenda inakotaka. Madumu hamsini ndiyo uniti moja ya maji. Mia mara hamsini, elfu tano. Mwenye bomba lake bili ya uniti hiyohiyo haifiki hata nusu. Akaja kwenye mkaa: mwenye pesa ananunua gunia, yeye ananunua kopo, na makopo ya gunia moja ukiyajumlisha unapata gunia na nusu kwa pesa. Mafuta ya kula, kipimo. Sukari, robo. Nyanya, fungu. Hata dawa ya meno, alisema, kuna duka linakata kipakiti. "Mimi kila kitu nanunua ghali kuliko mke wa mkurugenzi. Nikiwa na pesa nyingi nitabana matumizi. Na mkimaliza kuongoza nchi, stuli zangu."

Mzee wa reli alitaka kumjibu kwa Mjerumani, akaghairi.

Haya aliyoyasema mama lishe katika dakika mbili, wenzetu wamekuja kuyatafuta kwa magari. Tandale tumechunguzwa mno. Mwaka 2011 kata yetu ilichorwa ramani, kichochoro kwa kichochoro, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi wakishirikiana na wakazi. Sina ubaya na ramani; kabla yake ukimwelekeza mgeni ulimwambia apite mwembe, na mwembe ulishakatwa. Mto Ng'ombe nao ulijengewa kingo za zege kwenye mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, na hilo nalisema waziwazi hata kama safu hii ni ya manung'uniko: waliokaa kando ya mto ule wanajua zamani masika yalikuwa yanaingia ndani bila hodi. Ila watafiti wa maswali hao, basi tu. Wanakuja na karatasi, wanauliza unakula milo mingapi, choo chako ni cha aina gani, unajisikiaje. Halafu matokeo yanasomwa hotelini, huko ambako boda haivuki geti. Kijana wetu mmoja aliwahi kualikwa akawe sauti ya jamii. Alirudi na chupa ya maji, kalamu na nauli, na kwa siku mbili akawa anakaa kwenye benchi.

Wanasiasa ndio usiseme. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, kijiwe chetu kilikuwa kinapokea wageni kuliko Ikulu. Wagombea wa kila rangi ya fulana. Mmoja aliketi kwenye tofali kabisa, akakataa benchi, akasema yeye ni mtoto wa uswazi. Akanunua kahawa ya watu wote na kashata juu. Nilimuuliza kuhusu mita. Akaniambia swali zuri sana, akamwambia msaidizi wake aandike. Msaidizi akaandika. Nilimchungulia: aliandika "mita". Basi. Mpaka leo najiuliza wakikaa kusoma kile kidaftari wanadhani tulitaka mita za nini.

Ijumaa mambo yakawa makubwa zaidi, maana baba mwenye nyumba wetu alikuja mwenyewe. Yeye siku hizi anaishi Goba, Tandale anafuata kodi tu. Aliteremka kwenye bajaji na kanzu yake nyeupe, wote tukainuka kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Mnaendeleaje na hali hii?"

Akapewa nafasi benchini, kahawa ikamfuata kabla hajaomba. Na nyie wasomaji mtaona ajabu, mzee yule alilalamika kutushinda. Alisema nchi hii imekuwa ya wakubwa. Alisema kodi ya luku ni dhuluma tupu, mtu maskini wa Tandale anakatwa sawa na tajiri wa Masaki, wanyonge tunaonewa. Alivyosema "tunaonewa" alijigusa kifua. Kijiwe chote kikaitikia. Nami niliitikia, nikajikuta najiuliza hizo pesa anazoonewa ni zipi, na zinakatwa kwenye mita ya nani.

Nikajipa moyo. "Baba," nikasema, "maadamu umeliona mwenyewe, si tukate kwenye pango? Ni 1,500 tu kwa mwezi, tunagawana vyumba sita."

Kijiwe kikanyamaza. Dalali akatazama viatu vyake.

"Haki yako kabisa, mwanangu," alisema baba mwenye nyumba, tena kwa upole. "Kateni. Mimi si mtu wa kudhulumu. Kila chumba, mwezi huu, mkate shilingi 250." Akanywa kahawa. "Ila choo kimejaa. Nimeongea na gari la kunyonya, njia yenu nyembamba haifiki, itabidi waongeze mipira, na mipira wanatoza. Mvua ikinyesha mtataka kutapisha, bwana afya akija mimi ndiye nitakayepigwa faini. Kwa hiyo kila chumba kitoe elfu kumi na tano. Mwisho Jumatatu."

Nilikuwa bado natafuta hiyo 250 ingeingia mara ngapi kwenye elfu kumi na tano, kijana wa bodaboda akauliza swali lake.

"Kila chumba sawa sawa? Mimi niko peke yangu. Fundi cherehani ana watoto watano."

"Watoto wangu wanaingiaje hapa?" akasema fundi cherehani, chumba cha mbele, mkewe ndiye muuza barafu.

"Choo wanakitumia au hawakitumii? Na tukiwa hapohapo, lile friji lenu. Uniti zinakwenda wapi kila mwezi? Tunakuchangieni barafu!"

"Friji? We mwenye sabufa ya kutikisa ukuta mpaka saa saba usiku?"

Fundi umeme akaombwa aseme friji linakula uniti ngapi na sabufa ngapi. Akasema inategemea. Mzee wa reli akasema enzi za nyumba za reli kila familia ilikuwa na choo chake. Mimi nikasema mwenye friji alipe mara mbili, fundi cherehani akanikumbusha pasi yangu, nikamkumbusha cherehani lake lina mota, na hapo sauti zikapanda mpaka mama lishe akaja kuchukua stuli zake, moja nikiwa nimeikalia.

Tulipokuja kutazama, baba mwenye nyumba alikuwa ameshapanda bajaji, na muuza kahawa anauliza kikombe chake aandike kwa nani.