Bi Manyoya Anakujibu

*Shikamoo Bi Manyoya. Nimeapa sumu ya dukani haitaingia tena nyumbani kwangu. Paka wangu ana viroboto, nikampaka mafuta ya karafuu, halisi kutoka Pemba. Sasa udenda unamtoka na ananitazama kwa jicho baya. Nimwongeze? — Mpenda Mazingira, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Weka kalamu chini! Mwoshe sasa hivi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, usimtapishe, usimpe maziwa eti yavunje sumu, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Barua ungeiandika kesho. Karafuu inapendeza kwenye pilau, lakini ini la paka halimudu kuisafisha eujenoli iliyomo kama linavyoimudu ini lako. Mafuta ya mti wa chai nayo yaache hukohuko yanakosifiwa. Chatu pia ni kiumbe wa asili, na hujamkaribisha kitandani.

Akipona, vita ihamishie sakafuni. Viroboto unaowaona mgongoni ni wachache tu. Mayai yao hudondokea kwenye zulia, mkeka na kochi, na watoto wao wakikua hujifungia ndani ya vifuko wakingoja mguu upite. Anika godoro na mito juani. Fua matandiko yake kwa maji ya moto, fagia mpaka uvunguni, urudie kila wiki hata ukidhani wamekwisha. Yeye mchane kwa chanuo la meno ya karibukaribu, na kila unayemnasa mtumbukize kwenye maji ya sabuni. Fagio halina picha ya jani la kijani, ndiyo maana hakuna anayekutangazia.

*Bi Manyoya, marehemu baba alilima pareto. Nina dawa ya mbwa yenye permethrini, na muuzaji ameniambia ni ileile pareto yetu. Nimpake na paka? — Mwana wa Mkulima, Molo*

Pole kwa mzee, lakini muuzaji kakuuzia na ukoo usio wako. Permethrini hutengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Mbwa huivumilia, paka hutetemeka, hushikwa na degedege, na wengine hufa. Kama wawili hao hulala pamoja, watenganishe mbwa akishapakwa, maana paka humlamba mwenzake bila kusoma maelezo. Na pareto yenyewe, hata kama ni ya shamba la baba, usiikoroge jikoni. Nunua dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka, kwa uzito wake.

*Mbwa wangu nampa kitunguu saumu kuzuia kupe. Je, kuna majani ya kuzuia kichaa cha mbwa pia? — Mjuzi wa Mitishamba, Dodoma*

Hakuna. Mchanje. Na saumu acha leo: vitunguu vyote, saumu na maji, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu. Mafuta ya taa yarudi kwenye kibatari.

*Nimeacha mchanga wa dukani, beseni la paka nalijaza maranda ya seremala, nikishayatumia nayamwaga kwenye mchicha. Mke wangu ni mjamzito na mama mkwe anakuja Jumamosi. — Baba Mtarajiwa, Kinondoni*

Maranda sawa, mradi mbao haikutiwa dawa ya mchwa. Kwenye mchicha hapana! Kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu vya tokisoplasma vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Vikishatoka huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza, basi zoa kila siku. Uzoe wewe, si mkeo, na unawe kwa sabuni. Jumamosi zoa kabla ya alfajiri. Mama mkwe akikuta beseni safi atakutafutia kosa jingine, na kwa hilo mwandikie mwenzangu wa safu ya ndoa.