Bahari ya Kuvalia Koti

Ndugu zangu wa Sakina, hapo Arusha,

Kuna swali ambalo kila anayetoka hapo kuja Uingereza hubebeshwa kama mzigo wa ziada, na naona ni wakati lijibiwe. Kwa nini mzungu mzima, mwenye nyumba na gari, alipe dola zote zile ili aamshwe saa saba ya usiku pale Saddle Hut, apande Mlima Meru gizani meno yakigongana, afike kilele cha Ujamaa, apige picha mbili, kisha ashuke akichechemea na kusema hajawahi kufurahi namna hiyo? Jibu mlilolizoea ni kwamba hana akili timamu. Mimi nalipinga, na ushahidi wangu hautoki mlimani. Unatoka ufukweni, katika kijiji kitulivu cha Yorkshire kiitwacho Robin Hood's Bay. Huyu mtu ana akili zake zote, ila amelelewa na bahari mbaya.

Kijiji chenyewe kimejibana kwenye korongo kusini ya Whitby. Magari huachwa juu, na barabara inateremka kwa mwinuko ambao bibi zenu wangeukataa hata kwa kubebwa, nyumba za mawe zikisukumana huku na huku mpaka inapoishia majini. Maji hayo ni ya Bahari ya Kaskazini, na mwezi wa Agosti, ambao ndio wa joto lao, hufikia nyuzi 15 hivi. Ninyi mnaovaa makoti mawili Julai hapo barabara ya Namanga, tafakarini. Sasa mtazameni baba wa familia anavyostarehe. Anashuka na kitambaa kirefu cha mistari kilichoshonewa vijiti, anaokota jiwe, anavipigilia mchangani upande unakotoka upepo. Familia inajipanga nyuma ya kitambaa hicho, zipu za makoti zimefika kidevuni, wanakunywa chai ya chupa na kutafuna mkate uliokwisha kuingia mchanga. Mtoto anavuliwa nguo chini ya taulo, anaingia majini, anapiga ukelele, anatoka akitetemeka, na mama yake anamwambia kwamba akizoea atapapenda. Shakwe anapita na kipande cha samaki cha mtu. Mvua inaanza. Hakuna anayenyanyuka.

Msidhani ni mkosi wa siku moja. Waingereza walipoanza kwenda baharini kwa wingi hawakufuata raha, walifuata dawa. Mwaka 1750 daktari Richard Russell alichapisha kitabu kwa Kilatini akisifia maji ya bahari kwa magonjwa ya tezi, na wagonjwa wake wakawa wanazamishwa kwenye maji ya baridi na kunyweshwa hayohayo ya chumvi. Mwaka 1789 Mfalme George wa Tatu alipelekwa Weymouth kutibiwa kwa njia hiyo, na alipokitumbukiza kichwa chake cha kifalme majini, bendi iliyokuwa imejificha karibu ikapiga wimbo wa kumwombea kwa Mungu. Kabla hamjacheka, kumbukeni foleni ya magari ya mwaka 2011 kwenda Samunge kwa Babu kunywa dawa yake, kikombe kimoja shilingi 500. Tofauti ni kwamba sisi tulikunywa, tukarudi nyumbani na habari ikaisha. Wenzetu wameendelea na dozi zaidi ya miaka 250, na siku hizi wanaiita likizo.

Najua mtaniuliza: mbona haohao wanajaa Hispania, na kule Nungwi, Unguja, wanalala kutwa kama waliotupwa na mawimbi? Ni kweli, na tangu ndege za bei nafuu zianze kuwapeleka Hispania miaka ya 1960, miji mingi ya pwani ya kwao imeyumba. Lakini chunguzeni anavyolala. Mswahili wa Unguja saa saba mchana yuko kivulini, anajua jua ni nini. Mgeni amejilaza juani kwa zamu, mgongo kisha tumbo, mpaka anaiva, anapakwa dawa, na kesho yake anarudi palepale. Huyo hapumziki. Yuko kazini, amebadilisha adhabu tu.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: kwamba shida si starehe kwa aliyezaliwa nayo, muulizeni mgumu yeyote aliyepandisha mizigo ya watu. Hapo ndipo kijiji hiki cha Robin Hood's Bay kinaponisaidia zaidi, kwa sababu nacho kiliwahi kuwa na shida ya kweli. Kilikuwa kijiji cha wavuvi, na cha magendo pia. Husimuliwa kwamba bidhaa ziliweza kutoka ufukweni hadi juu kijijini bila kuguswa na mwanga, zikipita nyumba hadi nyumba. Januari 1881 meli ilipozama hapo, bahari ilikuwa imechafuka kiasi kwamba mashua ya uokoaji ilibidi iburutwe kutoka Whitby kwa nchi kavu, maili sita, watu wapatao 200 wakifukua theluji mbele yake. Mabaharia waliokolewa. Watu wale hawakutoka kwenda kubarizi. Leo kisa hicho kimeandikwa kwenye kibao, wavuvi karibu wote wamekwisha, na nyumba zao nyingi zinakodishwa kwa wiki kwa watu wanaokuja kuonja upepo uleule. Kijiji ni kitulivu kwa sababu waliokuwa wakipiga kelele za kazi hawapo.

Kwa hiyo anachokitafuta mgeni ni shida ambayo mwisho wake unajulikana. Ufukweni ana jedwali la maji kupwa na kujaa, linalomwambia ni saa ngapi aondoke miambani kabla hajazingirwa. Alfred Wainwright alipochapisha kitabu cha njia yake ya miguu mwaka 1973, kutoka pwani ya magharibi hadi hapa, kilomita zipatazo 300, yaani kama kutembea kutoka Sakina hadi karibu na Mombo, njia hiyo ilimalizikia chini kabisa ya kijiji. Watembeaji huokota kokoto upande ule, huibeba nchi nzima na kuitupa majini upande huu, kisha huingia baa iliyo hatua chache kutoka hapo. Kokoto! Nasi tuna mawe Sakina nzima, hatujafikiria kuyapatia safari.

Basi ninyi mnaoongoza watalii, acheni kumwambia mgeni kwamba Meru ni rahisi. Mtamvunja moyo. Mwambieni kuna baridi, kuna nyati, ndiyo maana askari anatangulia na bunduki, na usiku wa kilele hatalala. Atafungua pochi mwenyewe. Ila yeye amenunua shida ya siku nne, na mgumu aliyembebea begi atapanda tena wiki ijayo, apende asipende. Kwa hiyo mgeni akishuka, bahasha ya bakshishi ya wagumu ifunguliwe na kuhesabiwa mbele yao wote, palepale kwenye lango la Momella, kabla gari halijawashwa.