Kuku wa Kukaanga, Daftari la Mapishi na Kitabu cha Kuazima

Maongezi ya marafiki juu ya kuku wa kukaanga huanza kabla kuku mwenyewe hajafika mezani, na huanza kwa kumsema. Mmoja atadai wa wiki iliyopita alikuwa mkavu. Mwingine ataapa kwamba mafuta ya pale hayajabadilishwa tangu Idi. Wa tatu, ambaye ndiye aliyependekeza mgahawa, atanyamaza na kukodolea macho mlango wa jikoni. Sinia likitua, wote wananyamaza kwa dakika kadhaa, na ukimya huo ndio hukumu pekee ya kuaminika ambayo mpishi huipata kwa wateja wake.

Mgogoro wa kwanza huwa ni wa hesabu. Migahawa mikubwa ya kuku kwa kawaida humkata kuku mmoja vipande vinane au tisa: mabawa, mapaja ya juu na ya chini, na kidari kilichogawanywa. Vipande tisa kwa watu wanne ni viwili viwili, kinabaki kimoja. Kipande cha tisa hakiliwi, hukaribishwa. "Malizia wewe, shosti." "Mimi nimeshiba, labda dada hapo." Dada naye hushika tumbo na kutikisa kichwa. Hukaa hapo kikipoa mpaka mmoja aende kunawa. Akirudi hukuta mfupa, na hakuna shahidi.

Kilichotoweka kabisa katika mgawo huu ni firigisi. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki firigisi ilikuwa haki ya mwenye nyumba, na mtoto aliyeidokoa jikoni alilala na maelezo. Mgahawa hauleti firigisi, shingo wala miguu. Vitu hivyo hukaangwa kando ya barabara jioni na kuuzwa kwa wenye mifuko myepesi. Kwa hiyo baba anayeitoa familia yake kwenda kula kuku hupewa kipande kama raia mwingine yeyote, kisha bili hupewa yeye peke yake.

Mgogoro wa pili ni wekundu unaoonekana karibu na mfupa. Hapo kundi hugawanyika: wapo wanaosukuma sahani na wapo wanaozidi kutafuna. Sayansi iko upande wa wanaotafuna, ingawa kwa masharti. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi, mifupa yake haijakomaa, na uboho hupenya ukaipaka nyama iliyo karibu hata kama imeiva sawasawa. Kipimo cha kuiva ni joto, nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya nyama, si rangi. Lakini hakuna anayekwenda mgahawani na kipimajoto, kwa hiyo suala huamuliwa na yule aliyewahi kufanya kazi hotelini, hata kama alikuwa mlinzi wa getini.

Yapo maafa makubwa zaidi ya wekundu, nayo ni kukosa. Februari 2018, kampuni ya KFC nchini Uingereza ilibadilisha msafirishaji wake, na zaidi ya nusu ya maduka yake yapatayo 900 yakafungwa kwa kukosa kuku. Polisi wa mtaa mmoja wa London walilazimika kuwaomba wananchi wasiwapigie simu kuhusu jambo hilo. Januari 2022 ikawa zamu ya Kenya: kuku walikuwepo, chipsi zikaisha, kwa sababu viazi vilikuwa vikiagizwa ng'ambo na meli zikachelewa. Wakenya, ambao Nyandarua kwao viazi huvunwa kwa magunia, walipokea habari hiyo kwa hasira iliyochanganyika na kicheko. Ni haki kusema kicheko kilistahili zaidi.

Sahani zikishabaki mifupa, maongezi huhamia kwenye viungo. Kila kundi lina mtu mwenye ulimi wa mahakama. Hufumba macho, hutafuna polepole, kisha hutamka: "Kuna bizari nyembamba humu, na hiliki kwa mbali." Wenzake huitikia kwa heshima. Anayepinga huleta kisa cha Kanali, mwanzilishi wa KFC, na kwa kuwa kisa hicho husimuliwa vibaya kila kinaposimuliwa, kinafaa kuwekwa sawa hapa.

Harland Sanders alizaliwa Indiana, Marekani, mwaka 1890. Mwaka 1930 alikuwa na kituo cha mafuta huko Corbin, jimbo la Kentucky, akiwauzia wasafiri chakula. Ukanali hakuupata vitani. Ni heshima aliyotunukiwa na gavana mwaka 1935, na jimbo hilo huwatunuku wengi. Shida yake kubwa ilikuwa muda. Kuku kwenye kikaango cha chuma alichukua kama nusu saa, na msafiri hana nusu saa. Mwaka 1939 akanunua sufuria ya presha na kuigeuza chombo cha kukaangia, na mwaka uliofuata akawa amekamilisha mchanganyiko wake wa viungo 11. Mwaka 1952 mwenye mgahawa wa Salt Lake City, Pete Harman, akawa wa kwanza kupewa haki ya kupika kuku huyo. Barabara kuu mpya ilipoiacha Corbin kando, Sanders aliuza mgahawa wake, na katika umri ambao wenzake walikuwa wakipokea pensheni, akaanza kuzunguka Marekani na sufuria zake ndani ya gari. Mwaka 1964 aliuza kampuni kwa dola milioni 2. Baada ya hapo alitumia miaka yake ya mwisho kulalamika hadharani kuwa mchuzi mzito umeharibiwa, akiufananisha na gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Mgahawa mmoja wa KFC huko Bowling Green ulimshtaki kwa kashfa. Mahakama ikaitupa kesi. Uso wake, wakati wote huo, ulikuwa bado umechorwa mlangoni.

Karatasi ya viungo hivyo 11 ilitunzwa kwa miaka mingi katika kasha la chuma jijini Louisville. Mwaka 2008 kasha lilipohitaji matengenezo, karatasi ilisafirishwa kwa gari la kivita, ndani ya mkoba uliofungwa kwa pingu kwenye mkono wa mlinzi. Viungo vyenyewe huchanganywa na kampuni mbili, kila moja ikifanya sehemu yake ili isijue yote. Mambo haya husimuliwa mezani kwa sauti ya chini, kana kwamba mhudumu ni jasusi.

Ila waliojaribu kuifichua siri hiyo wamerudi na mzigo mwepesi. William Poundstone, katika kitabu chake Big Secrets cha mwaka 1983, alieleza kwamba uchunguzi wa maabara ulikuta unga, chumvi, pilipili manga na monosodiamu glutameti, ile chumvi ya kukoleza ladha. Basi. Bizari nyembamba na hiliki za yule mwenye ulimi wa mahakama hazikuonekana. Mwaka 2016 gazeti la Chicago Tribune lilimtembelea mpwa wa mke wa Sanders, na katika kitabu cha picha na karatasi za familia ikaonekana orodha ya viungo 11 imeandikwa kwa mkono nyuma ya wosia wa mke huyo. Pilipili manga nyeupe ilikuwa nyingi kuliko mtu angetarajia. Wapishi wa gazeti wakajaribu, wakapata kuku mzuri, lakini hawakuridhika mpaka walipomnyunyizia ile chumvi ya kukoleza. Kampuni haikukiri.

Maelezo ya mambo haya ni rahisi, na hakuna anayependa kuyasikia. Kinachomtofautisha kuku wa mgahawa ni presha, ambayo huzuia maji ya nyama yasitoroke, na mafuta mengi yanayotunzwa kwenye joto lisiloyumba. Anayeuliza viungo ameuliza swali ambalo jibu lake, hata likipatikana, halitamsaidia akiwa na jiko la mkaa na sufuria ya shangazi.

Hata hivyo kuuliza hakukomi, na hapo ndipo ukusanyaji wa mapishi unapoanzia. Kazi hii ni kongwe. Mwaka 1226 Muhammad al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi ambamo raha za dunia ziligawanywa sita, na chakula kikawekwa juu ya zote, hata ya ndoa. Isabella Beeton, ambaye kitabu chake kilitoka London mwaka 1861 na kuuzwa mno, alinakili sehemu kubwa ya mapishi yake kutoka kwa waliomtangulia. Kwa hiyo yule anayepiga picha ukurasa wa jarida kwenye chumba cha kusubiria daktari asijione mwizi. Yumo katika ukoo mrefu.

Mkusanyaji wa Dar es Salaam au Mombasa huwa na daftari. Ndani yake mna vipande vya magazeti, lebo ya mfuko wa unga, na mapishi yaliyonakiliwa haraka kutoka redioni yenye mapengo mahali betri zilipokufa. Siku hizi lipo pia daftari la pili, ndani ya simu, lenye picha mia kadhaa ambazo hazitafutiki na sauti za WhatsApp za dakika nne, tatu zikiwa za salamu. Daftari la karatasi lina ushahidi ambao simu haina: madoa. Ukurasa wenye doa umepikwa, usio na doa umesomwa tu. Aliyewahi kufunua madaftari ya watu anajua kwamba mengi ni masafi ajabu.

Mapishi ya wakubwa yana ugumu wake. Bibi hapimi. Chumvi ni kiasi, nazi ni kiasi, moto ni kiasi, na ukimuuliza kiasi gani atakutazama kwa huruma na kukujibu, "Kiasi chake, mjukuu wangu." Shangazi yeye hupima vizuri, hutaja kila kitu kwa ukarimu, na huacha kimoja. Pilau yake utaipika miaka kumi, kila mwaka ikikosa kitu kisichojulikana, na shangazi ataionja na kusema, "Umejitahidi, mwanangu." Huyu hakuhitaji gari la kivita.

Wachache wanaothubutu kupika kile walichokusanya hukumbana na ajali ambazo zimezoeleka kiasi cha kupangika. Iliyo maarufu ni ya kuku wa kienyeji. Mapishi ya ng'ambo yanaposema kuku, yanamaanisha kifaranga kilichonenepeshwa. Mpishi wetu, kwa kutaka kuwakirimu wageni, hununua jogoo aliyetembea Singida yote, humkaanga kwa dakika kumi na tano alizoelekezwa, na wageni huondoka wakiwa na maumivu ya taya. Jogoo wa aina hiyo lazima achemshwe kwanza, na kwa muda ambao haumo katika karatasi yoyote ya Louisville.

Ajali ya pili hutokana na kulowekwa. Mapishi hudai maziwa fulani machachu, na mtindi hufaa kabisa mahali pake, ila mtindi wa dukani huuzwa pamoja na yogati za matunda, pakiti zikifanana. Nyama ikalala usiku kucha ndani ya yogati ya stroberi, ikakaangwa, ikatoka na rangi ya kupendeza sana. Watoto waliisifu. Watu wazima walikula wali. Ajali ya tatu ni ya haraka: sufuria hujazwa vipande vyote kwa mara moja, joto la mafuta huporomoka, na badala ya kukaangika kuku huchemka ndani ya mafuta, unga ukimvuka na kuelea kama koti lililovuliwa. Iliyo mbaya kuliko zote isichekwe: sufuria ya presha ya nyumbani imetengenezwa kwa maji, si mafuta. Anayetaka kumuiga Kanali kwa mfuniko uliofungwa anahatarisha uso na dari.

Baada ya ajali mbili tatu mkusanyaji hurudi kwenye kusoma, na ukweli ni kwamba hakuwa mbali nako. Mapishi husomwa kitandani jinsi riwaya inavyosomwa: yana wahusika, yana hatua ya hatari, na mwisho wake huwa mzuri, tena wenye picha. Waandishi wa riwaya wameliona hilo. Laura Esquivel wa Meksiko, katika riwaya yake ya mwaka 1989, alianza kila sura kati ya 12 kwa pishi. Rex Stout, mbunifu wa mpelelezi mlafi Nero Wolfe, alifuata njia ya kinyume na mwaka 1973 akatoa kitabu kizima cha vyakula vya mpelelezi huyo.

Marafiki wanaokula kuku pamoja hupenda hasa hadithi za upelelezi, labda kwa kuwa kipande cha tisa kimewazoesha. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, na tangu hapo wasomaji wa Kiswahili wamejua raha ya kuambiwa kila kitu isipokuwa kimoja. Tofauti na shangazi ni kwamba Bwana Msa hukitaja mwishoni. Tofauti hiyo hufutwa na rafiki ambaye ameshakisoma kitabu, na ambaye, akiwa na paja mkononi, hutaja muuaji kabla soda hazijafunguliwa.

Kitabu chenyewe huwa cha kuazima, na hurudi na alama ya kidole gumba kwenye ukurasa ambao mtu alishindwa kukiweka chini. Doa la mafuta kwenye karatasi halitoki lote, lakini hupungua. Hunyunyiziwa unga mkavu laini au poda ya mtoto pande zote mbili, hufunikwa kwa karatasi safi, kisha huwekewa kitu kizito usiku kucha, na unga hupanguswa asubuhi. Kitu kizito kinachopatikana kwa urahisi katika nyumba ya msomaji ni kitabu kingine. Kabla ya kukiweka juu, kikaguliwe kwanza ni cha nani, maana hicho nacho mara nyingi ni cha watu.