Nani Kasema Ilikuwa Mbovu?

Kuna watu hawawezi kukiona kitu kinafanya kazi wakakiacha kiendelee kufanya kazi. Mpwa wangu ni mmoja wao, na kwa bahati mbaya amesoma kompyuta.

Kompyuta yenyewe iko kwenye steshenari yangu huku Mbagala, mahali unapotolewa kopi, unapochapiwa barua ya maombi ya kazi, unapopigiwa cheti laminesheni, na unapotengenezewa kadi ya harusi ambayo shangazi wa bibi harusi ataitunza kwenye kabati la vyombo mpaka maharusi wapate wajukuu. Niliinunua Kariakoo, mtumba wa Ulaya, na ubavuni bado ina kipande cha stika ya ofisi ilikotoka. RAM yake ni GB 2. Asubuhi naibonyeza, nafagia barazani, nakunywa chai, nasalimiana kwa kirefu na mama wa maandazi, nikirudi nayo imeshaamka. Hatukuwa na ugomvi. Haikuwahi kuniomba namba ya simu, haikuwahi kuniuliza niko mji gani, wala kunihimiza nipeleke picha zangu mawinguni.

"Shikamoo mjomba," mpwa akaingia siku hiyo, macho yake yako kwenye kioo, siyo kwangu. "Hii window yako ilishakufa."

"Marahaba. Imekufaje na ndiyo hii ninayoichapia?"

Hapo nikasomewa orodha ya marehemu. Windows XP, iliyotoka 2001, ilikatiwa huduma tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata, 14 Januari 2020. Windows 10 nayo, 14 Oktoba 2025. Kufa kwenyewe, nilivyoelewa, maana yake wenye mali wameacha kuziba matundu ya usalama, kwa hiyo wezi wakigundua tundu jipya linabaki hivyo hivyo. Akanipa na mfano wa Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilipozishambulia kompyuta dunia nzima na hospitali za Uingereza zikaahirisha hadi upasuaji wa wagonjwa, wakati kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana alisema kweli. Kisha nikamwonyesha nyuma ya meza: kompyuta yangu haina waya wa intaneti. Ugonjwa pekee inaoujua ni ule unaoletwa na flashi za wanachuo, ule wa kugeuza kila folda kuwa shotikati, na dawa yake ninayo.

Hakujibu. Wikiendi hiyo nikaenda msibani Rufiji, dukani akabaki yeye.

Niliporudi, kioo kilikuwa kinapendeza, hilo nisimdhulumu. Picha ya mlima, saa kubwa, na hali ya hewa ya Dar es Salaam, ambayo mimi huipata bure kwa kufungua mlango. "Nimekupigia window mpya mjomba, intaneti nimeiunganisha, na mafaili yako yote nimeyakopi, hakuna kilichopotea." Nikakaa. Nikasubiri. Nikafagia baraza ambalo lilikwisha kufagiliwa.

Baadaye niligundua kwamba mfumo ule, kwa masharti ya wenyewe waliouunda, unataka RAM ya GB 4 na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine yangu haina kimoja wala kingine. Mpwa alipitia njia za panya, akaona ni ujanja. Sasa nikibonyeza herufi, herufi inafikiria kwanza.

Printa ndiyo iliyotangulia kugoma. Mfumo mpya ni wa biti 64, ilhali draiva ya printa yangu iliandikiwa mfumo wa biti 32. Programu za kawaida za biti 32 hupatiwa mkalimani huko ndani na maisha yakaendelea, lakini draiva haina mkalimani: ama ipo ya biti 64, ama printa inageuka kuwa meza ya kuwekea chai. Ya printa yangu haipo. Printa yenyewe ni nzima, wino umejaa, karatasi inazo, inawaka na taa ya kijani, lakini kompyuta inasema haioni kifaa chochote.

Nikahamia kwenye programu yangu ya kupangia kadi. Hiyo nina CD yake halali, na ni kitu ambacho vidole vyangu vinakijua gizani umeme ukiwa wa mgao. Haikukubali kuingia. Mpwa akachunguza kwa muda mrefu akaniletea maelezo ambayo, kusema kweli, yalinifurahisha kuliko jambo lolote alilofanya wiki ile. Programu yenyewe ni ya biti 32, haina tatizo na mtu. Tatizo ni ile programu ndogo ya mwanzoni, inayofungua CD na kupakua mzigo: hiyo ni ya biti 16, ya enzi za kale, na Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16. Kwa hiyo mzigo una vibali vyote, mpokeaji yupo tayari, ila mpagazi kanyimwa kuvuka mpaka na kila mtu kalala Namanga.

Mafaili, kweli, yalikuwepo. Kadi nyingine nilizichapa kwenye programu ya kawaida ya maandishi, nikasema hizi angalau zitafunguka. Zilifunguka. Ila mpwa alikopi mafaili tu, fonti hakuzikopi, na fonti isipokuwepo kompyuta huweka nyingine inayodhani inafanana nayo. Iliyowekwa ilikuwa pana zaidi. Kadi ya ukurasa mmoja ikawa ukurasa mmoja na mistari mitatu. Bwana harusi na wazazi wake, ukumbi, saa na namba ya mweka hazina vikabaki mbele. Bibi harusi akatokea ukurasa wa pili, peke yake, pamoja na maneno "Wote mnakaribishwa". Mama yake alikuwa amesimama kaunta akiangalia. Nilimpa soda.

Suluhisho la mpwa? Tuweke kompyuta ndani ya kompyuta. Eti kuna programu inayojifanya mashine ya zamani, unaisimika ndani ya mfumo mpya, halafu mfumo wa zamani unakaa mle ukiamini bado ni 2005. Ni teknolojia ya kweli, na watu wenye mashine zenye nguvu wanaitumia kila siku. Lakini hii ya GB 2 inahema kwa mfumo mmoja, tena ulioingia kwa mlango wa nyuma. Leo tuibebeshe na wa pili mgongoni?

Kinachoniudhi zaidi ni kuitwa mshamba. Mwandishi George R. R. Martin, yule wa Marekani mwenye vitabu vilivyozaa tamthilia ya runinga ya Game of Thrones, alisema mbele ya kamera mwaka 2014 kwamba anaandikia WordStar 4.0, programu ya miaka ya 1980, kwenye kompyuta ya DOS isiyounganishwa na intaneti, kwa sababu hataki mashine imsahihishe. Nilimweleza mpwa kwa fahari. Akanijibu kwamba kitabu cha tano cha mfululizo ule kilitoka 2011 na cha sita mpaka leo wasomaji wanakisubiri. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Nikampeleka Paris. Novemba 2015 ndege zilikwama uwanja wa Orly kwa sababu mtambo wa kuwapelekea marubani taarifa za hali ya hewa uligoma, na ikajulikana kwamba ulikuwa unatumia Windows 3.1, ya mwaka 1992. Yeye akaona huo ni ushahidi wa upande wake. Mimi naona miaka ishirini na kitu ya kurusha ndege, halafu siku moja mbaya. Window yake mpya haikumaliza hata Jumatatu. Na mapema 2024 huko Ujerumani lilitoka tangazo la kazi likitafuta mtu anayezijua Windows 3.11 na MS-DOS, kwa ajili ya vioo vya madereva wa treni. Wajerumani hao, siyo mimi wa Mbagala.

Kwa sasa nimeitoa uvunguni kompyuta yangu ya kwanza, yenye XP na kioo cha chogo kinachochukua nusu ya meza. CD ilikubali mara moja, mpagazi kapita na mzigo wake. Printa ikachomekwa, ikapiga kelele zake zote, ikatoa kadi. Ile yenye window mpya nimeiachia kazi za mtandaoni: maombi ya ajira, TIN, na wanaotaka barua yao ya maombi iende kwa imeili. Shida imebaki kuhamisha kitu kutoka huku kwenda kule. Flashi kubwa za siku hizi, za GB 64 na zaidi, kwa kawaida huja na mpangilio wa exFAT, ambao XP yangu haiusomi. Inauliza tu kama nataka kufomati, kwa heshima, huku mteja anaanza kutetemeka. Kwa hiyo kuna flashi moja ya MB 512 niliyoifunga kamba na kuining'iniza kwenye msumari, na hakuna anayeigusa bila mimi kuwepo.

Mpwa ameiona. Anasema wiki ijayo atakuja na suluhisho la kudumu. Nimeshamwambia dada yangu amtafutie kazi haraka, na kama lile tangazo la Ujerumani bado lipo, tuitishe vikao tumchangie nauli. Kadi za mchango nitatengeneza mimi, bure.