Namna ya Kumtumia Mteja wa Mbwara Meseji Asikuchoke

Ndugu mfanyabiashara, barua pepe iweke kando. Mteja wako wa Mbwara, kule Rufiji, ana kitochi, na tangazo lako litamfikia kwa meseji. Kabla ya kuuliza utume mara ngapi, mfuate shambani uone meseji inavyopokelewa.

Amepeleka korosho ghalani, anasubiri ujumbe wa malipo. Simu inalia mfukoni. Anaacha jembe, anapangusa vidole kwenye shati, anaisogeza simu mbali na macho ili herufi zisomeke: "Hongera! Umebakiza hatua moja tu kujishindia pikipiki." Muda si mrefu inalia tena, hatua bado ni ile ile moja. Ikifika jioni kibahasha kinawakawaka: simu imejaa, meseji mpya haiingii mpaka afute za zamani. Anafuta moja moja, na chaji aliyoilipia kibandani inateremka. Pikipiki hiyo imeshamgharimu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: tuma kwa msimu wake, usitume kwa sababu mwisho wa mwezi umefika na bosi wako anadai mauzo. Kama unauza pembejeo Ikwiriri, mwambie salfa imefika mikorosho inapokaribia kutoa maua, kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujaiwahi. Mwambie tena bei ikibadilika. Hizo ni meseji mbili, tatu kwa msimu, zinatosha kabisa. Chama cha ushirika ni habari nyingine: wakati wa minada ya korosho au ufuta kitume kila mnada, kwa kuwa bei ya mnada uliopita mkulima anaitaka hata usiku. Minada ikiisha, kimya.

Usimtumie heri ya kuzaliwa. Wazee wengi waliandikisha tarehe ya kubahatisha, na keki huleti. Mwezi wa Ramadhani, usiwe kama mgeni anayebisha hodi watu wakiwa kwenye futari. Na maji yakijaa, nyamaza. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Wakati kama huo simu iachiwe kazi ya kutafutana na ndugu.

Jina lako liwe mwanzoni kabisa. Nchi hii imechoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hata ikawekwa namba 15040 ya kuwaripoti. Meseji isiyojitambulisha inaingia kundi hilo hilo, hata kama salfa yako ni halali.

Ruhusa pia uiombe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mteja awe amekubali, mtumaji ajitaje, na mteja apewe njia ya kujitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inampa haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Kuandika namba yake kwenye daftari siku aliyonunua bomba la kupulizia si ruhusa. Mwulize hapo hapo kaunta: "Mzee, salfa ikija nikutumie meseji?" Atakujibu.

Na akituma ONDOA ili ajitoe, mwondoe siku hiyo hiyo, bila kumkata salio na bila meseji ya kumbembeleza abaki. Dukani atakuja tu, mikorosho yake bado inahitaji dawa.