Sifa za Kambare

Sangara ana viwanda Mwanza. Dagaa ana magunia yake Kigoma, na perege ana mama lishe wa kumkaanga hadi mkia ukakamae. Kambare hana wa kumsemea. Akitajwa hadharani ni kwa kusimangwa: nyumba ya kambare, baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto naye ana zake, yaani nyumba isiyo na mkubwa. Kosa lenyewe silioni. Kila mmoja kapewa sharubu zake nane, hakuna wa kumringia mwenzake, na sijasikia kambare wakigombea mirathi.

Tazameni adabu yake mezani. Hula wadudu, konokono, vyura, samaki wadogo na mzoga ukipatikana. Wavuvi humtegea hata kipande cha sabuni ya mche, naye hukimeza bila kununa. Tazameni na subira yake. Maji yakipungua bwawani, samaki wa heshima hulala ubavu wakafa. Kambare ana kiungo chenye matawi matawi juu ya matamvua, ambacho humwezesha kuvuta hewa hii hii tunayoivuta sisi, basi hukaa kwenye tope akingoja masika. Tope nalo likimshinda, hutoka usiku wa mvua akajikokota nchi kavu kwa miiba ya mapezi hadi dimbwi jingine. Uhamisho wote huo bila barua, bila posho, bila kumjua mtu wizarani.

Mwiba huo, nakiri, huchoma. Na ukimshika mwilini anateleza utadhani ile sabuni imemtokea kwenye ngozi. Lakini nani kasema mtu mwema lazima ashikike kirahisi? Majivu kiganjani yatosha.

Fadhila yake kubwa, hata hivyo, haimo mwilini mwake. Nimeiona Bwawa la Mindu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ninakokwenda jioni kuvua na sahibu yangu. Zana zetu ni za kimaskini: ufito wa mwanzi, mshipi, ndoana, nyungunyungu kwenye kopo, na boya la kipande cha ndala. Yeye ni Mpare, Msabato wa kuzaliwa, wa ukoo uliopokea dini hiyo tangu wamisionari wake walipopanda milima ya Upare mwaka 1903. Huniita Shehe, nami humwita Mchungaji, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuongoza hata dua ya chakula.

Sasa, Mambo ya Walawi, sura ya 11, yataka samaki awe na mapezi na magamba. Kambare mapezi anayo. Magamba hana hata la kuombea. Kafeli nusu ya mtihani, na mtihani wenyewe hauna marudio. Kwa hiyo kila kambare anayenasa kwa Mchungaji huishia kwenye ndoo yangu, bure kabisa. Na nyungunyungu wangu mimi kambare huwakwepa, lakini ndoana yake wanaipangia foleni. Mnaotaniana na Wapare mtauelewa uzito wa neno “bure” hapo. Ni samaki gani mwingine aliyewahi kuutendea urafiki jambo la namna hiyo?

Ughaibuni wameshamjua. Nigeria wanamfuga kwa wingi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na Waholanzi wanamfuga ndani ya majengo. Huku Ziwa Victoria vifaranga vyake hununuliwa vikiwa hai viwe chambo cha sangara. Ina maana baadhi ya minofu inayopanda ndege kwenda Ulaya ilianzia kwa mtoto wa kambare, na sangara hajapata kulitaja hilo popote.

Perege yeye ni mfitini. Ijumaa moja jua lilikuwa linagusa kilima, Mchungaji ameshaanza kukunja virago kwa ajili ya Sabato, mara boya lake likazama. Akanisukumia ufito. “Shika, Shehe. Mimi sipo.” Nikavuta, nikijua ni kitoweo changu cha kila siku. Akatoka perege mpana wa kiganja na nusu, magamba yote mahali pake.

Tukatazamana. Ufito wake, nyungunyungu wake, mkono wangu. Yeye anashikilia kwamba samaki alinasa jua likiwepo, mimi nashikilia kwamba alitoka majini jua limezama, na mwenye ufito alishatamka kwa kinywa chake kwamba hayupo. Perege mwenyewe yumo kwenye friji ya jirani, anangoja hukumu. Mchungaji anasema atalifikisha kwa mzee wa kanisa. Nami nimemjibu kwamba kadhi hayuko mbali.